Kitufe Kikikwama: Mazungumzo kwa Wakazi Kuhusu Kutunza na Kutengeneza Kibodi ya Kompyuta

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wakazi wa Nyeri na miji jirani inayozunguka Mlima Kenya.

 

Kila mwaka siku za mwisho za Juni huwa na msongamano ule ule. Ripoti za kodi za KRA lazima ziwe zimewasilishwa kufikia tarehe 30, na saiba za Nyeri mjini, Karatina, Othaya, Mukurwe-ini na Nanyuki hupata foleni inayofika barazani. Katika foleni hiyo yumo mwalimu mstaafu, yumo mwendesha boda, yumo kijana aliyemaliza chuo ambaye hajapata kazi lakini ana PIN, na kwa hiyo anatakiwa kuwasilisha ripoti ya sufuri. Zamu yake inafika, anaketi, anaandika nywila. Kompyuta inakataa. Anaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja. Inakataa. Baada ya majaribio machache akaunti inafungwa, na ndipo mhudumu anaposema, "Pole, mzee. Hiyo kompyuta ya kona, kitufe chake cha 'a' huingia mara mbili."

Nywila huonekana kwenye skrini kama vitone vitupu. Anayeandika hawezi kuona kwamba herufi moja imeruka au imejirudia. Katika barua ya kawaida kosa hilo lingeonekana papo hapo na kufutwa. Katika nywila halionekani, na katika nambari ya kitambulisho au ya akaunti ya benki huonekana tu kwa mtu aliye makini. Tangu mwaka 2014 huduma za serikali zimekuwa zikihamia eCitizen moja baada ya nyingine, na mwaka 2023 serikali kuu ilitangaza kwamba zimepita 5,000. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, pasipoti, cheti cha tabia njema: vyote hivi sasa hupitia kwenye vidole vya mtu fulani na kibodi fulani. Kijana anayeomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, au mkopo wa HELB, ana siku ya mwisho ambayo haitasubiri kitufe.

Kwa bahati nzuri, hitilafu nyingi za kibodi hazihitaji kibodi mpya, na baadhi hazihitaji hata fundi.

Si kila kitufe kinachokataa ni kibovu

Jambo la kwanza ni kuthibitisha kwamba kitufe chenyewe ndicho chenye kasoro. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Vipakatalishi vingi vinavyouzwa katika miji yetu vimetumika ng'ambo kabla ya kufika huku. Watu huviita "ex-UK", na vingi kweli vimetoka Uingereza. Sasa, kibodi ya Uingereza na ile ya Marekani hazifanani kabisa. Kwenye ile ya Marekani, alama ya @ iko juu ya nambari 2. Kwenye ile ya Uingereza, juu ya 2 kuna alama ya kunukuu, na @ imekaa upande wa kulia karibu na Enter. Juu ya 3, Mwingereza ameweka alama ya pauni. Mashine ikiwa na vitufe vya Uingereza lakini imepangwa ndani kama ya Marekani, mwenye mashine atabonyeza @ na kuona alama ya kunukuu. Bila @ hakuna baruapepe, na bila baruapepe hakuna akaunti ya huduma nyingi za mtandaoni. Kuna watu waliouziwa kibodi mpya kwa sababu hiyo tu.

Dawa yake haigharimu senti. Kwenye Windows, pembeni chini upande wa kulia wa skrini huonekana maandishi kama ENG US au ENG UK. Kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi hubadilisha kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, ikiwa yote miwili imewekwa. Ikiwa haijawekwa, huongezwa katika mipangilio ya lugha. Anayenunua mashine ya mtumba aandike @ kabla ya kutoa pesa. Auandike pia mstari wote wa nambari huku ameshika Shift.

Kisa cha pili hufanana na uchawi. Mtu anaandika "kilimo" na skrini inaonyesha tarakimu badala ya herufi. Vipakatalishi vidogo visivyo na safu ya pekee ya tarakimu mara nyingi huzificha ndani ya herufi: u, i, o huwa 4, 5, 6, na j, k, l huwa 1, 2, 3. Kitufe cha Num Lock kikiguswa kwa bahati mbaya, upande wa kulia wa kibodi hugeuka tarakimu. Kukizima, pengine pamoja na kushika kitufe cha Fn, hurudisha kila kitu mahali pake.

Cha tatu ni msaada ambao haukuombwa. Windows ina huduma zilizotengenezwa kwa watu wenye ulemavu wa mikono au wanaotetemeka, na ni huduma nzuri sana kwa anayezihitaji. Lakini huwashwa kwa urahisi. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, mashine hukuuliza kama unataka vitufe vinavyong'ang'ania. Ukiegemea Shift ya kulia kwa sekunde nane, huuliza kuhusu huduma inayopuuza mibonyezo mifupi. Anayejibu "ndiyo" bila kusoma hujikuta na kibodi inayoonekana imekufa: anagonga haraka na hakuna kinachoandikwa, ila akikandamiza kila herufi kwa muda. Mtoto aliyecheza kwenye mashine jioni anaweza kuwa ndiye chanzo. Huduma hizi huzimwa katika mipangilio, sehemu ya ufikivu, chini ya kibodi.

Wanaoandika Kikuyu, Kiembu na Kimeru wana tatizo la namna yao. Herufi ĩ na ũ hazina kitufe kwenye kibodi ya kawaida, na wengi huandika i na u tupu na kumwachia msomaji akisie. Hiyo nayo si hitilafu ya kitufe. Mfumo wa Linux, kwa mfano, una mpangilio wa Kikuyu uliokuja nao tayari, unaosubiri tu kuchaguliwa. Makatibu wa vikundi wanaoandika kumbukumbu za mikutano kwa lugha ya mama wangefaidika kuujua.

Baada ya hayo yote, kuna jaribio moja la kukata mzizi wa fitina: kuchomeka kibodi nyingine ya USB. Kibodi ya pili ikiandika vizuri, kasoro iko kwenye ile ya kwanza. Ya pili ikifanya makosa yale yale, shida iko ndani ya mashine au programu, na kufungua vitufe ni kazi bure.

Ndani ya kibodi mna nini

Kibodi nyingi za bei ya kawaida zimeundwa kwa karatasi tatu nyembamba za plastiki zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa mistari ya wino unaopitisha umeme. Ya katikati ina matundu. Juu yake hukaa vikombe vidogo vya mpira, kimoja chini ya kila kitufe. Kidole kikibonyeza, kikombe hubonyea, karatasi ya juu hugusa ya chini kupitia tundu, na kompyuta hupata habari. Kidole kikiinuka, mpira hurudisha kitufe juu.

Kibodi ya mezani ina vitufe kama 104, lakini haina nyaya 104. Mistari hiyo imepangwa kama mitaa ya mji, mingine ikienda kushoto na kulia, mingine juu na chini, na kila kitufe kimekaa kwenye njia panda. Ndiyo maana namna kibodi inavyokataa inaeleza mengi. Kitufe kimoja kikikwama au kuwa kizito, shida iko hapo hapo: uchafu, mpira uliochoka, au kibanio kilichovunjika. Vitufe vinne au vitano visivyokaa pamoja vikifa kwa siku moja, mtaa mzima umekatika, na hata vikisafishwa mpaka vikang'aa havitafufuka. Kibodi yote ikinyamaza, hapo uchunguzi uanze kwenye waya.

Kipakatalishi kina karatasi kama hizo, ila kati ya kitufe na mpira mna vibanio viwili vya plastiki vilivyopishana mfano wa makasi. Ni vyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Hapo ndipo vidole vyenye haraka huharibu kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Miji ya mlimani ina maadui wake wa kibodi. Upande wa Kieni, kuanzia Mweiga hadi Naro Moru, ni vumbi la kiangazi. Upande wa Othaya na Tetu ni unyevu, hasa miezi ya Juni hadi Agosti wakati ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Kipakatalishi kilicholala kwenye ofisi baridi kikiletwa karibu na jiko, unyevu hutanda ndani yake kama unavyotanda kwenye miwani ya mtu anayeingia jikoni. Na kila mahali kuna makombo ya mandazi. Kwenye saiba, kitufe cha Enter na kile cha nafasi ndivyo hubeba mzigo mkubwa, na huwa vya kwanza kuchoka.

Kusafisha bila kuharibu

Mashine izimwe kabisa. Si kufunikwa tu, si kulazwa, bali kuzimwa, na chaja ichomolewe. Kibodi ya mezani ichomolewe kwenye kompyuta. Kisha igeuzwe uso chini na kugongwagongwa mgongoni kwa kiganja. Kitakachoanguka humshangaza mwenye mashine, na mara nyingine tatizo huishia hapo.

Hatua ya pili ni brashi. Brashi ya rangi iliyo safi na laini, au mswaki mpya, hupitishwa katikati ya vitufe huku kibodi imeinamishwa ili uchafu utoke badala ya kusukumwa ndani zaidi. Fundi mwenye bloa ndogo ya umeme atafanya vizuri zaidi. Pampu ya hewa ya kituo cha petroli haifai. Hewa yake ina nguvu kupita kiasi, na mara nyingi hubeba maji na mafuta kutoka kwenye tangi lake.

Kitufe kinachonata huhitaji kitu cha kuyeyusha. Kinachofaa ni alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya kielektroniki, kwa sababu hukauka haraka na haiachi kitu nyuma. Spiriti ya dukani kwa mwenye dawa ina maji zaidi. Inaweza kutumika kwa kibodi ya mezani ikipewa muda mrefu wa kukauka. Vitakasa mikono vya jeli visitumike hata kidogo: vina vitu vya kulainisha ngozi vinavyobaki na kunata, na kitufe huishia kuwa kibaya kuliko mwanzo. Petroli na mafuta ya taa huharibu plastiki. Alkoholi yenyewe hushika moto upesi, kwa hiyo isifanyiwe kazi karibu na jiko wala na mtu anayevuta sigara.

Kijiti cha pamba hulowekwa kidogo, kikaminywa, kikapitishwa kuzunguka ukingo wa kitufe. Kitufe hubonyezwa mara ishirini au thelathini ili alkoholi ifike chini. Mashine husubiri nusu saa. Hatua hii hurudiwa mara mbili au tatu kabla ya mtu kufikiria kung'oa chochote.

Ikilazimu kung'oa, kwanza kibodi ipigwe picha kwa simu. Kila mtu hudhani anakumbuka vitufe vilikaa wapi, hadi atakapokuwa na 40 mezani. Kwenye kibodi ya mezani, kitufe huinuliwa kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, kikivutwa moja kwa moja kwenda juu. Kofia hizo za plastiki zinaweza kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kukaushwa usiku mzima. Kwenye kipakatalishi, kitufe huinuliwa taratibu kutoka pembe moja kwa ukucha au kadi ya plastiki, na kikionyesha ugumu, mtu aache na ajaribu upande mwingine, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana kuhusu upande wa kufungulia. Vitufe virefu, yaani nafasi, Enter, Shift na kile cha kufuta, vina kijiwaya cha chuma chini yake kinachovisawazisha. Asiyejua kurudisha kijiwaya hicho asiving'oe.

Mpira uliopasuka hauna gundi ya kuuponya. Lakini kuna hila ya mafundi ambayo ni halali kabisa: kuna vitufe ambavyo karibu hakuna anayevitumia, kama Scroll Lock au Pause, na mara nyingi mpira wake unalingana na wa herufi za kawaida. Ikiwa mipira imekatwa mmoja mmoja, mpira mzima kutoka hapo unaweza kuhamia kwenye herufi "e", ambayo Mkenya hawezi kuishi bila yake.

Chai ya maziwa

Kikombe cha chai kikimwagika kwenye kipakatalishi, dakika ya kwanza ndiyo yenye thamani. Kitufe cha kuwashia kishikiliwe hadi mashine izime, hata kama kuna kazi haijahifadhiwa. Chaja ichomolewe. Betri kama ni ya kutoka, itolewe. Mashine ipinduliwe na kusimamishwa kama hema, skrini upande mmoja na kibodi upande wa pili, ili chai irudi ilikotoka badala ya kuteremka kwenye bodi. Asiiwashe mtu "kuona kama bado inafanya kazi". Maji yenyewe hayaui mashine upesi kama umeme unaopita ndani ya maji.

Kuna imani kwamba mashine ikizikwa ndani ya mchele hukauka. Mchele wa Mwea ni mzuri sana kwa pilau. Kwa kompyuta haufanyi kazi bora kuliko hewa inayopita, na vumbi lake la wanga huingia kwenye matundu. Bora chumba kikavu chenye dirisha wazi, au feni. Jua kali la mchana, mashine ya kukausha nywele na kando ya jiko huweza kupinda plastiki.

Kukauka peke yake hakutoshi pale ambapo kinywaji kilikuwa na sukari na maziwa, na katika kaunti hii chai karibu yote ni ya namna hiyo. Maji huondoka, sukari hubaki. Siku ya tatu mwenye mashine hufurahi kwamba imewaka, na wiki ya tatu vitufe huanza kufa kimoja kimoja kwa sababu mabaki yale yanakula mistari ya ndani. Kipakatalishi kilichonywa chai ya maziwa kipelekwe kwa fundi akifungue na kukisafisha ndani, hata kama kinaonekana kimepona. Kibodi ya mezani ya USB haistahili gharama hiyo. Huuzwa kwa shilingi mia kadhaa, na mwenye saiba mwenye busara huweka moja ya akiba chini ya meza, hasa mwezi wa Juni.

Kibodi inapoinuka yenyewe

Sehemu hii inahusu usalama wa nyumba.

Mara nyingine vitufe vya kipakatalishi hukwama bila uchafu wala chai. Kibodi inaonekana imetuna katikati, kile kibao cha kugusa kwa kidole hakibonyei vizuri, au mashine ikiwekwa mezani inayumba kama kiti chenye mguu mfupi. Hiyo ni ishara ya betri iliyovimba. Betri za lithiamu zikizeeka au zikipata joto sana hutengeneza gesi ndani, na kwa kuwa mara nyingi hukaa chini ya kibodi, ndizo zinazosukuma vitufe kutoka chini.

Hapa hakuna cha kusafisha. Mashine izimwe, isichajiwe tena hata kwa dakika tano za kunakili faili, na isikandamizwe ili kifuniko kifunge. Betri isidungwe kutoa hewa. Betri ya lithiamu iliyotobolewa inaweza kushika moto mkali, na moshi wake ni sumu. Mashine iwekwe mahali pasipo na vitu vya kuungua, mbali na kitanda na mbali na watoto, hadi fundi atakapoitoa. Faili zinaweza kuokolewa baadaye kutoka kwenye diski. Wazazi wenye watoto chuoni wawaambie jambo hili, kwa sababu wengi hulala na mashine inachaji juu ya blanketi.

Betri iliyotolewa isitupwe kwenye shimo la taka la nyumbani linalochomwa jioni, wala chooni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu zinakotoka, na vifaa vya kielektroniki si vya kuchanganywa na maganda ya viazi. Fundi aulizwe waziwazi betri kuukuu huzipeleka wapi. Asiye na jibu, mteja anaweza kumwendea mwingine.

Kwa fundi

Anayempelekea fundi kipakatalishi atafanya vyema kueleza hitilafu kwa undani. "Kibodi imeharibika" humwachia fundi nafasi ya kubadilisha kitu chochote. "Herufi w, s, x na nambari 2 zilikufa siku moja, na kibodi ya USB inaandika sawa" humweleza fundi pa kuanzia, na humweleza pia kwamba mteja huyu anaelewa. Nambari kamili ya modeli, iliyo kwenye karatasi chini ya mashine, iandikwe kabla ya kununua kibodi ya kubadilisha. Vipakatalishi viwili vya kampuni moja, vya rangi moja, vinaweza kuwa na kibodi zisizoingiliana. Katika baadhi ya mashine kibodi hufungwa kwa skrubu chache na huchomeka kwa utepe mwembamba, kazi ya muda mfupi. Katika nyingine imeshikanishwa na kifuniko cha juu kwa vidoti vya plastiki vilivyoyeyushwa, na kuitoa ni kufungua mashine yote. Hiyo ndiyo sababu bei ya kazi hutofautiana, na fundi mwaminifu ataionyesha kabla ya kuanza.

Fundi hahitaji nywila ya eCitizen wala ya baruapepe ili kubadilisha kibodi. Mara nyingi hahitaji hata ile ya kuwashia mashine, maana vitufe vingi vinaweza kujaribiwa kwenye kisanduku cha nywila chenyewe kwa kubonyeza alama ya jicho inayoonyesha herufi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu, lakini si busara kuanza kwa kumkabidhi mgeni funguo zote.

Kwa vijana wenye saiba kuna ombi mahususi. Kompyuta yenye kitufe kibovu iandikwe karatasi na kubandikwa juu yake, au iondolewe kwa muda. Mteja hapaswi kugundua kasoro kwa kufungiwa akaunti. Mama mzee anapoletwa na mjukuu kujaza fomu, mhudumu amsomee nambari ya kitambulisho tarakimu moja moja kabla ya kubonyeza kutuma: "Shosho, sikiliza kama ni sawa." Na kila asubuhi mhudumu atazame nyuma ya kompyuta. Kuna vijidude vidogo vinavyochomekwa kati ya waya wa kibodi na tundu la USB, ambavyo hurekodi kila kitufe kinachobonyezwa, nywila zikiwamo. Chochote kilichoongezeka pale bila mwenye duka kukijua kitolewe.

Kwa aliyeshikwa na tarehe ya mwisho huku herufi moja imekufa, kuna njia ya dharura. Windows ina kibodi ya kwenye skrini, inayoitwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Hujitokeza ikiwa na herufi zote, na mtu hubofya kwa kipanya. Ni polepole, lakini huwasilisha fomu. Kama "o" ndiyo iliyokufa, kibodi hiyo hiyo inapatikana katika mipangilio ya ufikivu. Kwenye nywila pia, alama ya jicho ibonyezwe kwanza, huku mtu akihakikisha hakuna anayechungulia begani, ili kila herufi ionekane ikiingia.

Kwenye meza iliyo kando ya mlango kuna kibodi tatu zilizofunguliwa: ya mezani, ya kipakatalishi, na moja iliyomwagikiwa chai. Karatasi zake za ndani zinaonekana vizuri, na mistari iliyoliwa na sukari imezungushiwa kalamu nyekundu. Brashi, vijiti vya pamba na bisibisi vipo. Wenye kipakatalishi chenye kitufe kinachosumbua wasogee nacho, kikiwa kimezimwa.